Nzuri Tu

Chumba changu ki juu ya duka la spea za baiskeli,
Barabara ya Tisa, Ngamiani. Viti viwili,
birika, daftari la maswali niliyonakili semina,
na dirisha lisilofungika tangu mvua za vuli.
Watu hupanda ngazi, huuliza bei kwanza,
kisha hukaa wakaitazama saa.

Mhina Semkiwa alipanda Jumatatu.
Miaka kumi na tisa karani wa mizani, shamba la mkonge;
Januari mizani ikapata kioo, inajisoma yenyewe.
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri tu."

Nami, mwanagenzi, nikaikanyaga ile "tu"
kama mtu anayekanyaga ufunguo
akienda kuutafuta mlango.

Nikauliza: Mbona hukuweka akiba?
Nikauliza: Kwa nini hukujifunza kompyuta wenzio walipojifunza?
Nikauliza: Huoni kwamba bodaboda ingekufaa?
(Hilo la tatu si swali,
ni amri iliyovaa kanzu ya kuazima.)
Akajibu moja moja, kama aliyesimama kizimbani,
akashukuru, akavaa kofia, akashuka.
Chai yake ikabaki, imefunga utando.

Mbona.
Lionje neno hilo polepole. Lina kidole ndani.

Alasiri nikashuka kwa fundi Hizza.
Kalipachika gurudumu kwenye uma, limekunjika kama chapati ya jana.
Hakuliuliza nani kakupinda,
wala mbona hukukwepa shimo.
Alilizungusha. Akasogeza ukucha wa gumba karibu na rimu,
akatega sikio: chwi… chwi…
Pale linapogusa, pale tu, akakaza spoki moja,
robo mzunguko.
Akalizungusha tena.

Usiku sikulala upesi. Nilifikiri:
kwetu hata mgonjwa wa Bombo, dripu mkononi,
ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo.
Tumefundishwa jibu kabla ya swali.
Basi anayeuliza atapita wapi,
kama si kwenye kale kaneno kanakobaki mwishoni,
mkia wa panya nje ya tundu?

Ijumaa Mhina akarudi. Si kwa ajili yangu:
alisahau pampu nyuma ya mlango.
Kaa, nikamwambia, leo hakuna malipo.
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri tu."
"Hiyo 'tu'," nikasema, "ina uzito gani?"

Akacheka kidogo. Kisha hakucheka.
Chini Hizza alikuwa akigonga kitu, akaacha.
Ulimini mwangu zilipanga foleni
bodaboda, genge la mboga, mkopo wa kikundi,
methali mbili, na mkasa wa shangazi yangu wa Muheza.
Nikaviuma vyote. Nikahesabu hadi arobaini.
Kunyamaza ni kazi ya mikono:
kikombe nilikishika kwa yote miwili.

"Kilo kumi na mbili," akasema.
Akainua viganja kana kwamba vina kitu.
"Tita la singa nilikuwa nikilinyanyua nataja kilo,
ndipo mshale unakubali.
Sasa naamka saa kumi na moja, na mikono inaamka nami.
Mke wangu hajui.
Hajui kwamba nikienda Mgandini
nabeba viazi vya watu, navirudisha,
ili nisikie."

"Unasikia nini?"

Maneno mawili. Sikuwa na mengine.
Akasema mpaka chai ikafunga utando mara ya pili,
akainywa hivyo hivyo.

Sijui atafanya nini. Hakusema,
wala sikumwuliza lini.
Daftari lilibaki chini ya birika, lina duara la maji.

Mlangoni, pampu kwapani, akageuka:
"Na wewe, dada? Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu," nikasema,
na kabla sijafumba kinywa
nikausikia ufunguo ukidondoka sakafuni.

Naye hakushuka.
Alisimama kizingitini, karani wa mizani,
akingoja mshale utulie.